Miiko ya Mkebe

Mwaka wa 1966, ukiuliza pale Migori ni nani anayebeba gunia bila makelele, ungeonyeshwa Werema Gisiri. Makuli wenzake katika ile stoo ya mazao walibeba kwa matusi na nyimbo, na kila mara wakiomba kupishwa. Yeye aliinama tu, akaliweka gunia begani, akaenda zake. Alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, mtoto wa tatu wa mzee Gisiri, na shule aliionja miaka miwili, kisha ng'ombe wa baba yake wakamwita. Alipofika miaka kumi na tisa aliwaachia wadogo zake ng'ombe, akaja Migori kutafuta kazi. Sasa alikuwa na ishirini na tano, mke mmoja aitwaye Bhoke, binti wa kutoka Kegonga, na mtoto wa kike, Susana, ambaye ndio kwanza ameacha kutambaa.

Huenda angezeekea magunia hayo bila mtu kumwandika habari zake, kama Koplo Cephas asingepita pale stoo siku moja kutafuta mahindi. Cephas alikuwa Mjaluo aliyestaafu jeshi, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha kambi, na halmashauri ilimpa kazi ya kuwafundisha vijana michezo. Alimwona Werema akirusha mfuko wa chumvi juu ya lori kama mtu anayerusha kofia. Akasahau mahindi.

"Omera, ndugu yangu, njoo kesho kiwanjani," alimwambia. "Nguvu iko. Shule ya nguvu ndiyo haiko."

Basi akamfundisha kutupa tufe. Mara ya kwanza lilikwenda futi thelathini na tatu. Baada ya miezi mitatu ya kuzunguka, kukunja goti na kutukanwa kijeshi, lilikuwa linatua futi arobaini na mbili. Hapo ndipo Cephas alipomweleza jambo lililomfanya akose usingizi. Mwezi wa nane kungekuwa na michezo ya wilaya nzima ya South Nyanza huko Homa Bay, na Idara ya Magereza ingewachukua kazini watupaji wawili wa kwanza. Wangepimwa kifua, wangepimwa uzito, na asiyefikia ratili mia na arobaini angerudi kwao. Cephas alimpandisha Werema kwenye mizani ya magunia. Alikuwa na mia na arobaini na nane.

"Hapo huna shida," alisema Cephas. "Kula vizuri, fanya mazoezi, ngoja siku."

Werema aliitaka kazi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Hata Bhoke hakumtaka hivyo, maana Bhoke alitafutiwa na baba yake, ng'ombe wakaswagwa, yeye akaambiwa siku ya kuja. Hii kazi ndiyo alijichagulia mwenyewe. Aliiona sare, aliiona nyumba ya mabati, aliwaona wanaye wakisoma. Na mtu akitaka kitu namna hiyo, "kula vizuri, fanya mazoezi" huwa ni maneno mepesi mno kwake. Anataka na kitu cha kushika mkononi.

Kitu hicho alikipata dukani kwa Ogeto Nyakundi.

Ogeto alikuwa Mkisii, Msabato wa kweli kweli, mwenye duka safi kuliko yote pale mjini. Hakuuza sigara wala majani ya chai. Safari moja alirudi Kisumu na mikebe sita ya unga wa kujenga mwili, yenye picha ya Mzungu aliyevaa kichupi, mikono imevimba kama mihogo. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Ogeto alimsomea Werema polepole, maana alikuwa mtu mwaminifu: vijiko viwili katika maziwa, asubuhi na jioni, pamoja na chakula bora na mazoezi.

Hapo Werema akauliza swali ambalo Mkuria yeyote angeuliza. Kwao dawa isiyo na miiko si dawa, ni uchafu tu wa msituni. Ukipewa dawa ya mifugo, kuna njia hupiti. Ukipewa ya vita, kuna chungu huli chakula chake. Na dawa ya nguvu ndiyo yenye miiko mikali kuliko zote.

"Sasa, mzee Ogeto," alisema, akishusha sauti, "nyinyi wenye hii kitu, hamkuli nini?"

Ogeto akamtazama. Kwa miaka minne alikuwa akiombea Wakuria wa Migori wafunguliwe mioyo, na leo mmoja amesimama kaunta, ameuliza mwenyewe.

"Ndugu yangu," alisema, akitoka nyuma ya kaunta, "kaa hapo kwa kiti."

Akamweleza yote. Damu hatuli. Kambare hatuli, hana magamba. Nguruwe usiseme. Nyama yoyote, ukiweza kuiacha, ni heri zaidi. Pombe, tumbaku, chai, kahawa, weka mbali. Milo miwili kwa siku inamtosha mtu, na katikati usitafune kitu. Na kuanzia jua linapotua Ijumaa mpaka litue Jumamosi, mwili upumzike, usiguse kazi. Werema aliyahesabu kwa vidole na kuyarudia. Ogeto alifurahi jinsi alivyokuwa mwanafunzi mwepesi.

Jambo ambalo Werema hakulisikia, kwa sababu hakuuliza, ni yale Wasabato wanayokula. Nyumbani kwa Ogeto, mkewe Bonareri alipika maharagwe na karanga, mboga na ndizi, parachichi na mayai, mtu akaondoka mezani akihema. Werema alichukua makatazo yote akayaacha maharagwe.

Na hakumwambia mtu. Dawa ya nguvu ikitajwa huharibika, hilo mtoto mdogo analijua. Mkebe aliuficha kule stoo, nyuma ya magunia matupu, akawa anakoroga vijiko vyake viwili kwenye maziwa ya kununua, anakunywa akiwa amesimama, kisha anabeba magunia mpaka jioni na tumbo tupu.

Kwa Bhoke mambo yalianza kidogo kidogo. Alinunua kambare mnene kwa wanawake waliotoka mtoni, akamkaanga mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Werema akala ugali mtupu. Bhoke akapika nyama, akaambiwa tumbo limejaa. Walipokwenda Kehancha kumwona mzee Gisiri, wakatolewa maziwa yenye damu ya ng'ombe, yale yaliyomlea, Werema akasukuma kibuyu kikaenda kwa mwingine. Mzee alimtazama Bhoke. Bhoke alilielewa lile jicho. Mwanamume asiyekula kwake, ama kuna mwanamke mwingine anayempikia, ama anaogopa sumu ya mkono wa mkewe. Yote mawili ni aibu, na yote mawili humwangukia mpishi.

"Baba Susana," alimwuliza usiku huo huo, "chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu."

"Basi wewe una nini?"

Werema akageukia ukuta. Huo ndio ulikuwa ujinga wake mkubwa, na mimi simtetei. Mkebe aliuamini, mke hakumwamini.

Kiwanjani nako tufe lilianza kuchoka. Futi arobaini na moja. Thelathini na tisa. Werema alijiambia kwamba dawa inatafuta mahali pa kukaa mwilini, na kwamba dawa kali humlegeza mtu kwanza kabla ya kumpa nguvu. Akaongeza kijiko cha tatu. Jumamosi hakuonekana mazoezini, akasingizia msiba, na Jumamosi iliyofuata msiba mwingine. Cephas alishangaa ukoo gani huu unaozika kila wiki.

Siku kumi kabla ya michezo, Cephas aliwakusanya vijana wake akawasomea barua kutoka Homa Bay. Lori lingeondoka Ijumaa mchana. Michezo ingekuwa Jumamosi.

Werema akanyoosha mkono. "Koplo, mimi siwezi tupa Jumamosi."

"Kwa nini? Nani amekufa tena?"

Wenzake wakacheka. Cephas akamvuta pembeni, akamtazama mabega, akamshika mkono wa juu kama mtu anayenunua mbuzi, na uso wake ukabadilika. Alimpeleka stoo, akampandisha kwenye mizani. Ratili mia na thelathini na nne.

"Mura, kijana," alisema Cephas, na safari hii hakupiga kelele, "unakula nini?"

Ndipo siri ikatoka. Mkebe, vijiko, kambare, damu, nyama, milo miwili, Jumamosi. Cephas alisikiliza akiwa amejishika kiuno. Kisha wakaenda wote wawili dukani, Cephas mbele, akiwa na maneno ya kambini tayari mdomoni.

Ogeto hakuelewa hata kidogo kosa lake. Alitoka nyuma ya kaunta akampokea Werema kwa mikono miwili. "Ndugu Werema! Mchungaji amefurahi sana. Jina lako liko kwa darasa la ubatizo."

Werema alitazama ile mikebe mitano iliyobaki kwenye rafu.

"Ubatizo gani?" aliuliza. "Si nilikuuliza miiko ya dawa?"

"Dawa?" Ogeto aligeuka akatazama mikebe, kisha Werema, kisha mikebe tena. "Hii si dawa, ndugu. Hii ni maziwa na mayai yaliyokauka. Chakula tu. Hakina miiko." Akakaa kwenye kile kiti chake, na yeye ndiye aliyeonekana kuumia zaidi. "Mimi nilidhani umeniuliza habari za Mungu."

Cephas alikuwa amekuja kugomba, lakini ukimkuta mtu na huzuni safi namna ile, matusi hayana pa kushika. Alimwambia tu Werema arudi nyumbani akale.

Akala. Bhoke aliambiwa habari zote usiku huo, na hakucheka. Aliinuka akawasha moto upya. Kwa siku kumi alimlisha kama anayeziba tundu la ghala: uji alfajiri, nyama mchana, kambare jioni, maziwa ya Kehancha yaliyoletwa na shemeji kwa miguu. Alimfuata mpaka stoo na sufuria kichwani. Hakumlaumu tena hata kwa neno moja. Ijumaa alipanda lori pamoja naye, Susana mgongoni na kikapu cha chakula mapajani, akisema hawezi kumwachia mtu mwingine kazi aliyoianza mwenyewe.

Homa Bay kulikuwa na watu kama siafu. Werema alitupa mara sita. Mikono ilikuwa haijarudi yote, lakini shule ya Cephas ilikuwepo, goti likakunjika, mwili ukazunguka, na katika tufe la tano alifikia futi arobaini na moja na inchi saba. Polisi mmoja alimzidi. Hakuna mwingine aliyemfikia. Alikuwa wa pili, na walitakiwa wawili. Cephas alirusha kofia yake juu, akasahau kuidaka.

Kipimo kilifanywa hapo hapo, chini ya turubai lililozungushiwa kamba, watu wakitazama. Kifua kilipita. Urefu ulipita. Daktari akasogeza kijiti cha mizani, akakirudisha, akakisogeza tena.

"Mia na thelathini na saba."

Ofisa wa magereza, mtu mzima mwenye sura ya upole, aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Alimtazama Werema, mifupa ya mabega na mashavu yaliyoingia ndani. Ilionekana wazi kwamba anamtaka.

"Kijana, umetupa hivi na mwili huu? Nini shida? Nyumbani hakuna chakula?"

Werema alifungua mdomo. Alifikiria aanzie wapi. Kwenye mkebe? Kwenye miiko ambayo haikuwepo? Kwenye darasa la ubatizo? Yule polisi aliyekuwa wa kwanza alisimama karibu, amevaa sare yake, nyuma yake foleni ya vijana, nje ya kamba umati mzima wa South Nyanza umekaza masikio. Alijua kicheko ambacho kingetoka. Kingemfuata mpaka Kehancha, kingemzika.

"Hakuna, bwana mkubwa," alisema. "Nyumbani kuna njaa."

Ofisa akatikisa kichwa kwa huruma. Alisema sheria ya uzito si yake, hawezi kuivunja, akamwita wa tatu katika orodha. Kisha akamwagiza askari mmoja amletee huyu ndugu mkate. Mkate ukaletwa, mzima, umefungwa kwa karatasi, na Werema akaupokea kwa mikono miwili mbele ya watu, kwa sababu hakuona namna ya kuukataa.

Alipogeuka, Bhoke alikuwa amesimama kwenye kamba, hatua nne kutoka pale, na Susana mgongoni. Kile kikapu kilikuwa mkononi mwake, bado kizito. Alikuwa amesikia yote.

Wakaenda mpaka lilipoegeshwa lori. Cephas alibaki nyuma kwa makusudi. Werema alisema mwaka ujao ataongeza uzito, alisema watachukua wengine, alisema maneno matatu manne ya namna hiyo. Bhoke alikishusha kikapu chini, akajifunga upya nguo iliyomshika mtoto.

"Ungewaambia ukweli," alisema, "wangekucheka wewe. Sasa njaa ni ya jiko langu."

Werema akasimama pale na mkate wa serikali mkononi, na kikapu kizito miguuni pake.