Jagi Kwenye Boksi

Mwanzo wa miaka ya tisini, nikiwa nimemaliza tu kidato cha nne, mama alinituma kutoka kwetu Kanduyi nikakae na dada yangu, aliyeolewa upande wa Endebess. Dada alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza na kupoteza damu nyingi. Siku niliyofika tulienda naye kliniki Kitale. Nesi alivuta ngozi ya chini ya jicho lake, akaangalia, akasema, "Mama, damu iko chini sana. Kula vizuri, sana sana asubuhi. Rudi baada ya wiki nne. Kama haijapanda nitakulaza, na mtoto atabaki nyumbani."

Mtoto alikuwa na wiki mbili. Dada alilia njia nzima.

Mimi sikulia. Nilikuwa na daftari langu la somo la upishi na lishe, na nilitaka kazi ianze siku hiyo hiyo.

Kila asubuhi mama mkwe wa dada alipika uji wa wimbi na maziwa. Wimbi alipanda mwenyewe nyuma ya jikoni, kipande kidogo tu. Mbolea ya gunia ilikuwa ya mahindi. "Wimbi yangu inajua samadi peke yake," alikuwa akisema kwa maringo. Mimi niliona huo ni ushamba. Tutaokoa mtu kwa uji wa kukhu zetu, bibi zetu wa zamani, kweli?

Nikarudi Kitale mpaka kwa duka la Mhindi mmoja, ambako konfleksi, zile chembe za mahindi za boksi, zilikaa rafu ya juu kabisa. Mzee alishusha boksi akiipangusa vumbi.

"Dada, wewe natoka Endebess. Mahindi yenu imejaa mji yote. Unakuja kununua mahindi kwangu?"

"Hii iko na vitamini," nikamwambia.

"Iko," akakubali. "Lakini kwangu nyumbani tunakula chapati."

Usiniambie, nilijisemea.

Jioni nilipiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja nikaandika Boksi, upande mwingine Wimbi. Ubavuni mwa boksi kulikuwa na orodha: protini, chuma, kalsiamu, vitamini, kila moja na nambari yake. Nikanakili zote. Kwa wimbi sikuwa na pa kunakili, kwa sababu gunia lake halikuwa na maandishi. Nikaweka sufuri. Protini, sufuri. Chuma, sufuri. Nikateremka hivyo mpaka chini.

"Leo karamu yako imeandika nini?" mama mkwe akauliza. Kwake kalamu na karamu zilikuwa kitu kimoja. Sikucheka, maana mimi mwenyewe nilichapwa shuleni kwa hiyo hiyo r.

Nikawasomea. Nilipofika kwa chuma akashtuka.

"Chuma? Unataka huyu akule misumari?"

"Ni ya kuongeza damu, Mama. Na kila kitu iko ndani ya boksi, kwa hivyo hata maziwa ya asubuhi si lazima."

Shemeji alifurahi sana kusikia hivyo. Ng'ombe alikuwa mmoja. Kuanzia kesho yake maziwa yote ya asubuhi yakapanda lori la maziwa, na dada akala konfleksi zilizolowekwa kwa turungi, chai kavu isiyo na tone la maziwa.

"Ni kama kula magazeti," akasema.

"Vumilia bana. Iko na chuma."

Akavumilia siku kumi. Lakini akitoka jikoni kwenda kwa nyumba alikuwa anasimama katikati ya uwanja, mkono kwa kamba ya nguo, kama mtu amesahau anakoenda. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Nilihesabu siku zilizobaki za kliniki nikaanza kuogopa, na kwa kuogopa nikamwongezea konfleksi.

Siku ya kumi na moja mama mkwe aliniita jikoni. Alikuwa ameshika boksi mbali na macho, vile alivyozoea kuangalia picha.

"Wewe mwenye karamu. Hii ni nini?"

"Ni picha, Mama."

"Naona ni picha. Hii jagi inamwaga nini?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimeishika hiyo boksi kila siku.

"Maziwa," nikasema.

"Na yetu iko wapi?"

Kule chini barabarani lori likapiga honi.

Niligeuza boksi ubavuni. Safu za nambari zilikuwa mbili. Mimi nilinakili ya pili kwa sababu ndiyo ilikuwa na nambari kubwa. Juu yake, kwa herufi ndogo, iliandikwa: pamoja na nusu kikombe cha maziwa. Kwenye safu ya kwanza protini ilikuwa kidogo tu, kalsiamu karibu hakuna. Chuma ilikuwa sawa pande zote mbili, kiwanda kilikuwa kimeitia kweli. Boksi haikunidanganya. Na kuhusu hiyo chuma, kwenye daftari langu mwenyewe nilikuwa nimepiga mstari mwekundu chini ya maneno ya mwalimu: chai kali wakati wa kula huzuia chuma kuingia kwa damu.

Nikakimbia. Shemeji alikuwa tayari anainua mkebe.

"Rudisha! Rudisha hiyo maziwa!"

"Kwani ng'ombe imekufa?" turniboi, msaidizi wa dereva, akauliza, na watu wote kwa lori wakacheka.

Nilimweleza dada kila kitu, nikishindwa kumwangalia. Akasema, "Si ungesoma hapo juu kidogo tu, mdogo wangu." Afadhali angenipiga.

Tukarudi kwa uji wa wimbi na maziwa. Nilitaka kutupa konfleksi, mama mkwe akanipokonya. "Chakula haitupwi. Na si ulisema iko na chuma?" Dada akazimalizia kwa maziwa, na mama mkwe akawa anachota kavu kavu, anatafuna kama njugu.

Wiki nne zilipotimia, kliniki, nesi alivuta tena ngozi ya jicho. Aliangalia muda mrefu. Dada alikuwa amemshika mtoto kwa mikono yote miwili.

"Haijafika pale nataka," nesi akasema. "Lakini imeanza kupanda. Nenda nyumbani, endelea hivyo. Ulikuwa unakula nini?"

Dada akanitazama. Nikangoja.

"Uji," akasema. "Huyu mdogo wangu ananiangalia vizuri."

Jioni mama mkwe aliuliza karamu yangu iko wapi. Nikafungua ule ukurasa, nikakata sufuri zote za wimbi, moja moja. Halafu nikakwama, maana nambari za kuweka bado sikuwa nazo, na gunia bado halikuwa na maandishi.

"Unangoja nini?" akauliza. "Andika iko."

Nikaandika: iko.