Sahani ya Doña Clorinda

Siku Herminda Quilodrán aliposoma sahani ya kipimo cha mama yake mzazi, nilikuwa nyuma yake nikifuta chupa. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaishusha, akaiinua tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Otilia, hii agari uliipika lini?"

"Jumatatu. Kwani imeharibika?"

"Haijaharibika," akasema, akaketi.

Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja katika maabara ya hospitali moja pale Talca. Mimi nilipika chakula cha vidudu: supu ya nyama, chumvi, rangi, na agari ya kuigandisha. Yeye alivipanda na kuvitambua. Daktari Astudillo, mkuu wetu, alizoea kututania kwamba sisi ndio wapishi pekee mjini ambao mteja wao akishanenepa wanamchemsha. Herminda alikuwa na jicho ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Sahani ambamo mimi niliona madoa tu, yeye alikuwa akiisoma kama barua.

Miaka ile homa ya matumbo ilikuja kila kiangazi pamoja na matikiti. Februari ya mwaka themanini na mbili ilimchukua Mireya, binti yake wa pekee, mwenye miaka sita. Baba wa mtoto alikuwa amevuka kwenda Argentina kutafuta kazi, na barua zake zilikwisha kabla ya pesa zake. Kwa hiyo nyumbani walikuwa watatu tu: Herminda, mama yake doña Clorinda, na huyo mtoto. Damu ya Mireya tuliiotesha sisi, na Herminda hakukubali mtu mwingine aiguse. Alijua jibu siku mbili kabla ya madaktari wa wodini. Halikusaidia kitu. Wiki ya tatu utumbo ulitoboka, na mtoto akafa wakimwandaa kwa upasuaji.

Kiangazi kilichofuata ikatoka amri kwamba kila anayeuza chakula mtaani apimwe choo. Wapo watu waliowahi kuugua homa hiyo, wakapona, na mdudu akabaki ndani yao akila na kulala bila kuwasumbua. Hao ndio waliotafutwa. Doña Clorinda alikuwa akiuza mote mbele ya nyumba yake, ile ngano iliyochemshwa pamoja na pichi kavu katika maji baridi ya sukari. Alikuja na kichupa chake kimefungwa kwa gazeti.

"Mwanangu, nimekuletea zawadi," akasema pale mlangoni. "Usije ukasema sikukupa kitu Krismasi."

Herminda akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka. Akakipokea kichupa, akaandika juu yake namba kumi na tisa.

Kwenye ile agari ya kijani ya bismuthi, mdudu wa homa ya matumbo huota mweusi, ana mng'ao pembeni kama bati lililopitiwa na moto. Sahani namba kumi na tisa ilikuwa imejaa weusi huo. Herminda hakuamini, au alijilazimisha asiamini. Akagusa doa moja kwa waya, akalichomeka ndani ya neli yenye chakula cha sukari tatu. Asubuhi juu palikuwa pekundu, chini njano, na katikati mstari mwembamba mweusi kama masharubu ya kijana. Neli nyingine, ya urea, haikugeuka waridi, na mdudu huyo ndivyo alivyo. Mwisho akaweka juu ya kioo tone la dawa inayomkamata mdudu huyo tu, akachanganya na mdudu, akakiyumbisha taratibu mkononi. Maji meupe yakakatika vipande kama maziwa yaliyochacha.

"Rudia," nikamwambia. "Huenda vichupa vimebadilishana."

"Nimesharudia, shoga. Mara tatu."

Alifungua daftari akaandika jibu kwa mwandiko wake ule ule ulionyooka. Mpaka leo najiuliza kama mimi ningeweza.

Daktari Astudillo alimwita ofisini, akaacha mlango wazi, nami nikasikia.

"Herminda, bado unacho kile kidudu cha mtoto?"

Alikuwa nacho. Tulizoea kuhifadhi vidudu katika vineli vilivyofungwa kwa nta, na kile cha Mireya alikuwa akikilisha upya kila baada ya miezi michache. Hakunieleza kwa nini, nami sikumuuliza. Kilikuwa kimetoka katika damu ya mwanawe na bado kilikuwa hai.

"Tukipeleka vyote viwili maabara kuu ya Santiago," daktari akasema, "watatuambia kama ni jamii moja."

"Mama ataacha kuuza leo hii, na atatibiwa. Kuna kingine mnachokihitaji?"

"Kwa kazi yetu, hapana. Nilidhani wewe ungetaka kujua."

"Mireya alikula pia saladi za mashamba yanayonyweshwa maji machafu ya mfereji. Alikula stroberi za sokoni. Alikunywa maji shuleni."

"Ni kweli."

Herminda alitoka, akachukua kile kineli, akakiweka mwenyewe ndani ya chungu cha mvuke cha kuulia vidudu pamoja na takataka za siku hiyo. Alisimama pale mpaka saa ya chungu ilipolia. Nilimshika bega, akaniacha nimshike.

Jioni aliniomba nimsindikize nyumbani. Doña Clorinda alikuwa akichambua ngano. Alisikiliza yote mikono ikiwa ndani ya beseni: kwamba mdudu hujificha kwenye nyongo, katikati ya vijiwe, kwamba kikitolewa kifuko cha nyongo atapona.

"Amekuwa ndani yangu tangu lini?"

"Labda tangu ile homa yako ya ujana, mama. Ile ya kabla hujanizaa."

Mwanamke yule hakuwa amesoma zaidi ya darasa la tatu, lakini hesabu aliijua.

"Basi nimekulea naye wewe. Nikamlea naye Mireya. Kila asubuhi nilikuwa nampa kikombe chake cha mote kabla ya shule."

"Mama, hakuna anayeweza kujua ilitoka wapi."

"Wewe kazi yako ni kujua."

Mama akatoa mikono ndani ya beseni, akaitazama, akaificha chini ya aproni. Nilipomuaga na kutaka kumbusu shavuni kama kawaida, alirudi nyuma hatua moja.

Alipasuliwa mwezi wa Aprili, wakamtoa vijiwe kumi na vinne. Tulipima choo chake mara sita mwaka ule, na mara zote sita kilikuwa safi. Herminda alimpelekea kila karatasi ya majibu, naye alisema, "Vizuri, mwanangu, weka hapo." Lakini hakurudi kugusa sufuria ya mtu mwingine. Mwaka uliofuata akahamia Angol, kwa dada yake. Herminda alimwomba asiende, tena kwa magoti, na mama akamjibu kwamba katika nyumba ile kila akimsikia mtoto wa jirani akiomba maji mwili humsisimka.

Miaka minne baadaye moyo wake ulisimama akiwa amelala. Tulikwenda kuzika. Dada yake alituonyesha sahani moja, kijiko kimoja na kikombe kimoja, vimewekwa peke yake kwenye rafu iliyo karibu na mlango wa nyuma.

"Alikuwa anaviosha mwenyewe, tena kwa maji ya moto," akasema. "Nilimwambia, Clorinda, karatasi zinasema umepona. Akaniambia, karatasi zimeandikwa na mwanangu, na mwanangu ananipenda."

Herminda alitoka uani akakaa juu ya gogo la kuni. Nilimfuata. Hakulia, alikuwa akinyofoa gome la kuni kwa ukucha.

"Otilia," akaniambia, "sikuandika uongo hata kwenye karatasi moja."

"Najua."

"Na yeye hakuniamini."