Kelele Zangu za Vyuma Siku ya Posa ya Mwanaidi

Jambo hili ni aibu, na nimewaficha walio mbali tu, maana wa hapa Magomeni ya Bagamoyo wote wanalijua, na wapo ambao hata tukikutana dukani wanakunja uso na kuguna, hmmmm-hiii, halafu wanacheka mpaka wanashika ukuta. Sasa bora niliseme mwenyewe, kwa sababu likisemwa na jirani yangu Bi Tatu Mwinshehe linatiwa chumvi, na lenyewe lilivyo lina chumvi ya kutosha.

Magoti yangu yalikuwa yamegoma. Nasali kwenye kiti, na nikikaa mkekani lazima watu waje kuninyanyua kama gunia la mkaa. Daktari akasema, bibi, hapa dawa ni mazoezi. Basi mjukuu wangu Mwanaidi, binti wa mwanangu Athumani (miye humwita mke mwenzangu, kama tunavyotaniana na wajukuu zetu), akanipeleka jimu ya Zuhura binti Kibwana, kile chumba kilichoko nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, ambapo asubuhi huwa ni ya wanawake watupu. Nikakuta vyuma vya kila namna, na vioo vikubwa ukutani, sijui vya nini, maana mtu anayetaabika hataki kujiona.

Zoezi langu lilikuwa moja. Unalala chali kwenye benchi, unakunja magoti, unasukuma chuma kwa nyayo kwenda juu, kinarudi, unasukuma tena. Zuhura alitaka nihesabu, lakini miye shule niliichungulia tu, nikifika sita huku nina maumivu napotea, kwa hiyo nikaamua kila nikisukuma navuta shahada moja, Laa ilaha illa llah, nikiona zimetosha naacha. Lingekuwa jambo jema kama ningeivuta kimyakimya. Miye naivuta kwa mlio, jamani, inaanzia tumboni na mguno, inapanda kifuani inakuwa mkoromo, inatokea mdomoni kama punda aliyetumbukiza mguu shimoni. Na uso ndio usiseme, jicho moja linakwenda Pangani, jingine linakwenda Kilwa, mdomo unavutika mpaka karibu na sikio, na meno yangu matatu ya mbele yanatoka nje kutazama kuna nini. Siku ya kwanza nilijiona kwenye kioo nikadhani ni mtu mwingine, nikataka kumpa pole.

Wenzangu walilalamika. "Bibi, humo ndani mnachinja?" aliniuliza siku moja Mama Rehema, mke wa fundi cherehani. Zuhura akabuni dawa yake, nikifika tu anafunga dirisha, anawasha feni, anafungulia taarabu mpaka kuta zinatetemeka, na miye naguna humo humo ndani ya taarabu bila mtu kujua.

Basi ikaja Jumamosi ya posa.

Lazima niwaeleze hapa, msije mkaona tulikuwa watu wa kupapatika. Mwanaidi alishaposwa kabla, na watu wa Chalinze. Siku waliyokuwa waje, kaka yangu Pazi akafariki alfajiri, Mungu amrehemu. Wale watu wakasema tutarudi siku nyingine, na hawakurudi, kisha tukasikia wanasema posa iliyogongana na maiti ni nuksi. Tangu hapo mtoto, habari za kuolewa ukizitaja, anaondoka. Mpaka alipotokea huyu Ramadhani, kijana wa Mkange, fundi wa pampu za maji, mpole, akamtuliza. Sasa ndiyo watu wake wanakuja, baada ya adhuhuri, na hofu ya nyumba nzima ilikuwa moja tu, isitokee kitu. Ikivunjika mara ya pili, hata sisi wenyewe tungeanza kunong'ona kuwa mtoto ana mkosi.

Asubuhi ile jikoni kwangu kulijaa wanawake wanachambua mchele na kumenya vitunguu, kila nikikaa naambiwa, "Bibi, sogea, utaungua." Nikaona hapa sina kazi. Na miye ndiye bibi wa binti, wakwe wakija nakaa nao mkekani, sitaki wanione naanguka kama mzigo. Nikamwambia Mwanaidi nakwenda mara moja kulainisha magoti.

"Bibi, leo si upumzike?"

"Mke mwenzangu, hujamaliza kupiga pasi hilo gauni nitakuwa nimesharudi."

Laiti ningemsikiliza! Kufika jimu, umeme hakuna. Feni imelala, taarabu hakuna, ndani joto kama tanuri la mikate. Zuhura alikuwa peke yake, wenzangu wote wameghairi.

"Bibi, tuache mpaka kesho," akasema.

Na miye, kwa kinywa changu hiki, nikasema, "Fungua dirisha."

Dirisha lile linatazama uchochoro. Nikalala kwenye benchi, Zuhura akanifunika kanga miguuni kwa ajili ya heshima, akalowesha kitambaa akawa ananifuta paji la uso, huku ananiambia, "Pumua, bibi, usiache kupumua." Nami nikaanza. Laaaa ilaha, hmmmm-hiii. Nikasukuma kweli kweli siku ile, maana nilikuwa namsukumia Mwanaidi.

Sasa kumbe uchochoroni anapita Bi Tatu na beseni lake la mihogo. Akasikia mkoromo, akachungulia. Fikirieni alichokiona, mzee kalala chali, kafunikwa kanga, macho yamegeuka, mdomo umekwenda upande, mtu kamwinamia anamfuta jasho na kumsihi apumue, na mzee mwenyewe anashahadia. Angedhani nini? Miye mwenyewe ningeona vile ningemsomea Yasini. Akatupa beseni, akajitanda kanga kichwani, akatimua mbio kwenda kwangu kuwaita watoto, analia njia nzima. Na kwetu kilio kikisikika hakiulizwi. Unadondosha ulichoshika, unaitikia, unakwenda, jina la marehemu utalijua ukishakaa. Kwa hiyo Bi Tatu alikuwa anakimbia kusema Bi Mwanjaa, ndiye miye, anakufa, lakini kilio kilimtangulia, na alipofika mlangoni tayari nilikuwa nimekwisha kufa.

Miye huko kwenye benchi nikasikia uwiii inapita nje. Nikafumbua macho, nikasema, "Masikini, kuna waliofiwa. Tuishie hapa, Zuhura, twende tukawalilie wenzetu." Zuhura akatia kufuli, akapita njia ya mkato kwenda kwao kuvaa nguo ya msibani. Miye nikashika barabara taratibu, suruali ya mazoezi chini ya dera, miguuni raba za Mwanaidi, simu nimeiacha kabatini. (Huku nyuma mwanangu Athumani kafika na bodaboda, kakuta kufuli, kadhani nimepelekwa hospitali, kaenda kuwasumbua watu huko wamwonyeshe mama yake.)

Nimefika kona, gari limesimama pembeni yangu, limejaa wanawake waliojitanda kanga, macho mekundu. Bibi mmoja wa makamo yangu, mweupe wa nywele, akatoa kichwa dirishani.

"Assalaam aleikum, mama. Nyumba ya msiba iko wapi? Kwa kina Athumani Kondo."

Nikashika mlango wa gari. "Kwa kina Athumani?"

"Ndiyo, mama. Sisi tumetoka Mkange mapema, tulikuwa tunakuja kwa heri. Tumepigiwa simu njiani kuwa turudi, wamefiwa. Nikasema haturudi, twende tukazike kwanza."

Nikaelewa hawa ndio wakwe, na kwamba nyumbani kwangu kuna maiti. Sikuuliza ni nani. Miye ninayekumbuka majina yote, ya watoto wa watoto na ya waliokufa kabla hawajapewa jina vizuri, siku hiyo sikutaka kusikia hata moja, kwa sababu la kwanza lililonijia lilikuwa Mwanaidi. Nikaachia kilio palepale barabarani. Wakateremka, wakanishika, wakaniingiza garini, yule bibi akanikumbatia kifuani.

"Lia, mama, lia. Ni nani yako?"

"Wote wangu!" nikasema. "Wote wangu!"

Naye akalia, tukalia wote, gari zima, na ule uso wangu wa jimu ukatoka wenyewe pamoja na mlio wake, mpaka dereva akawa anaendesha huku anajifuta.

Kufika kwangu, turubai linafungwa, ndala zimejaa mlangoni, wanawake wamekaa ukumbini hadi uani. Katikati yuko Bi Tatu, anasimulia. "Kashahadia mwenyewe, kwa masikio yangu haya, shahada safi, tena si moja!" Na Mwanaidi, ndani ya gauni lake jipya, kalala mapajani mwa shangazi yake. Nilipomwona mgongo wake unapanda na kushuka kwa kwikwi, nikajua anapumua, na wallahi sijawahi kufurahia kwikwi ya mtu kama ile.

Akainua kichwa. "Bibi!"

Wanawake walivyotawanyika! Mwingine aliruka sufuria la pilau na mimba yake ya miezi mingi. Bi Tatu alijificha nyuma ya mlango akabaki jicho moja.

"Nani kafa?" nikauliza.

Sauti ya nyuma ya mlango ikasema, "Wewe."

"Miye?"

"Nimekuona, shoga. Usinikatalie."

Yule bibi wa Mkange bado alikuwa kanishika mkono. Akanitazama raba, akanitazama usoni. "Kwa hiyo," akasema, "huyu niliyemkumbatia njia nzima ndiye maiti?"

Hakuna aliyecheka, maana wanaume wa upande wao walikuwa wameshaingia, na mkubwa wao, Mzee Mwinjuma, amesimama mlangoni na hataki kukaa. Akasema kwa upole kabisa, "Tunashukuru Mungu mama ni mzima. Lakini jambo la heri limeingiliwa na kilio, hili si dalili njema. Tutarudi siku nyingine, tukijaaliwa."

Siku nyingine. Nilimwona Mwanaidi anainamisha kichwa na kuanza kuvua bangili zake moja moja. Watu nao wakaanza kumgeukia Bi Tatu, eti mwanamke mchuro, mleta nuksi, kaleta kilio kwenye posa kwa makusudi, na yeye masikini kalia kwa kunipenda.

Nikaona hapa lazima nijivue nguo hadharani, nguo za heshima nasema. Nikasema, "Bi Tatu hana kosa. Tazameni alichokiona." Nikalala chali mkekani, mbele ya wakwe, nikakusanya dera langu katikati ya suruali, nikaweka nyayo ukutani, nikausukuma ukuta wa nyumba yangu mwenyewe kama ninavyosukuma chuma, na uso nikauachia wote, Pangani na Kilwa, na mlio nikauachia, Laaaa ilaha, hmmmm-hiii. Mbuzi wa jirani akaitikia. Mtoto mdogo akaanza kulia.

Yule bibi wa Mkange, ambaye ndiye Bi Mwanahamisi binti Salum, mama yake Mzee Mwinjuma na bibi yake Ramadhani, akatoa cheko moja, akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Ukumbi mzima ukaangua. Mwanangu Athumani ndiyo anaingia kutoka hospitali, ananikuta miguu iko ukutani na watu wanacheka, akaniangukia kifuani, "Mama, nimekutafuta kila wodi!" halafu hasira zikamjia, "Na jimu basi!"

Bi Mwanahamisi akajifuta machozi, akamwita mwanawe. "Mwinjuma, njoo ukae. Nuksi ni mtu kufika harusini akakuta msiba. Sisi tumefika msibani tumekuta harusi, hiyo inaitwa nini?"

"Mama, wazee wa Mkange watasema..."

"Mzee wa Mkange ndiye miye. Nimemlilia huyu mama bila kumjua jina, naye kanilowesha bega lote hili, tazama. Watu waliokwisha kuliliana, unataka kuwatenganisha kwa lipi? Kaa chini, sema maneno yaliyokuleta."

Mzee Mwinjuma akavua viatu, akakaa. Maneno yakasemwa, majibu yakatolewa, fatiha ikasomwa chini ya turubai lile lile la msiba, maana hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulifungua. Mwanaidi alirudisha bangili zote mkononi, na alipokuja kunisalimia mbele ya wakwe akaniminya kidole kwa nguvu mpaka kikaniuma. Pilau lililiwa na waliokuja kuposa na waliokuja kuzika, kwenye sinia hizo hizo.

Tangu hapo Zuhura hafungui dirisha hata nife kweli, na umeme ukikatika nageuza palepale narudi nyumbani. Shahada zangu nazivuta kimoyomoyo, nimeuma ncha ya kanga, uso tu ndio umenishinda kuutawala. Wanaonikejeli dukani nawaacha wakejeli, aibu yangu hii nitakwenda nayo kaburini na wala hainilemei. Kizito ni kile nilichokibeba ndani ya lile gari, kutoka kona mpaka mlangoni kwangu, na kile, alhamdulillahi, nilikitua.