Mbwa Tuliyemwacha Bigwa

Harufu ya dawa ya kudekia ikichanganyika na manyoya mabichi hunirudisha Bigwa, kwenye ua wa mtu mmoja aliyefuga mbwa wa kuuza. Nilikuwa darasa la tatu. Tulikwenda asubuhi, mimi na mama, ukungu ukiwa bado umeilalia milima ya Uluguru, nami nilishamchagulia jina mbwa ambaye sijamwona.

Niwaambie kwanza kwamba huyo hakuwa wa kwanza. Vibaka walikuwa wametuzoea pale kwetu Mwembesongo, baba akatuletea mtoto wa mbwa aliyemnunua njiani. Hakumaliza wiki. Aliharisha damu, akafia juu ya kanga ya mama, nami nikalia mpaka nikashikwa na homa. Mama alikuwa akiuza vitenge, na hakuwahi kununua kitambaa bila kukigeuza upande wa ndani. Akaapa kwamba mbwa wa pili atamchagua yeye mwenyewe.

Mwenye mbwa, Bwana Kessy, alitupokea kwa bashasha nyingi mno.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Leo unaondoka na rafiki!"

Kati ya watoto wa mbwa waliojazana pale uani, akaniwekea mikononi mmoja mweusi, miguu myeupe kama aliyevaa soksi. Alikuwa ametoka kuogeshwa, anatetemeka, ananuka dawa. Nikampenda hapo hapo. Mama hakuhangaika na soksi. Alimgeuza chali kama kitenge, akambonyeza tumbo. Lilikuwa gumu, limevimba kama ngoma. Akamfunua mdomo. Ufizi ulikuwa mweupe.

"Mama yao yuko wapi, kaka?"

"Yuko Matombo, kwa ndugu yangu. Anapumzika."

"Na hawa wananyonya nini?"

"Wameshaacha ziwa, dada. Wanakula mpaka ugali."

"Kwa meno yapi?"

Bwana Kessy akacheka peke yake. Wakati huo huo, nyuma ya uzio wa mabati, mbwa mkubwa akakohoa. Kikohozi kikavu, kirefu, cha kiumbe aliyechoka.

"Na huyo?"

"Wa jirani huyo," akasema, huku akisogea taratibu mpaka akauziba mlango wa mabati kwa mgongo wake.

Mama akauliza kama wamechanjwa. Juzi, akajibu. Alipouliza tena, ikawa wiki iliyopita. Kisha akaanza kupunguza bei kabla hajaombwa, na hapo ndipo uso wa mama ulipokunjika kabisa. "Kizuri chajiuza," akanong'ona, asimalizie. Akamchukua yule mweusi mikononi mwangu, akamrudisha kwa mwenyewe. Nililia njia nzima, na siku kadhaa sikumsemesha mama.

Masika yalipokatika alinipeleka kwa Mama Upendo, mtaa wa pili tu. Jike lake lilitupokea kwa kubweka, watoto wakining'inia kwenye maziwa. Mama hajauliza kitu, mwenyeji akaanza: "Baba yao simjui, msiniulize. Minyoo walikuwa nayo, nimewapa dawa, mkifika mrudie. Na huyu wa kijivu anachechemea, alikanyagwa na mbuzi. Ukitaka mzima, chagua wengine."

Mama akacheka. "Nipe huyo huyo."

Nilimwona kama amerukwa na akili. Tumemkataa mzuri, tumebeba kilema! Lakini kilema yule alilinda nyumba yetu mpaka namaliza sekondari, akibwekea hata upepo.

Miaka mingi nilidhani mama aliogopa ugonjwa. Nilipokuwa mtu mzima, nikaanza kununua vitu vyangu na kuwaamini watu wangu, ndipo nikamwelewa: hakuwa akitafuta mbwa asiye na dosari, bali mtu wa kumtajia dosari kabla hajauliza. Yule mweusi sijui aliishia wapi. Hakuwa na kosa lolote. Alikosa tu mtu wa kumsemea ukweli.