Siku Niliyoulizwa Leseni Iko Kwenye Kompyuta Ngapi

Mtakaosoma haya nawaomba mnivumilie. Mwandiko wangu ni mbaya, herufi zangu hupandana, na maneno mengine nayaandika kama ninavyoyasikia. Niliacha shule darasa la saba, Mombasa, wazazi wangu waliporudi kwetu kisiwani Koyama, na tangu hapo bisibisi nimeishika mara nyingi kuliko kalamu. Tena naandika polepole.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee waliostaafu, na mimi hata ndevu hazijanijaa. Lakini kazi niliyoifanya imekwisha kabla sijazeeka. Walio wadogo kwangu hawataiona, kwa hiyo nawaeleza ilivyokuwa.

Siku ya kwanza baba alinipeleka Kismayo, kwenye duka la kompyuta lililokuwa njia ya kushukia bandarini. Mwenye duka tulimwita Fundi Mkuu, ingawa fundi mwingine hakuwapo. Alinipa laptopu iliyokufa akaniambia niifungue yote, kisha niifunge.

"Ikibaki skurubu moja mezani," alisema, "rudi Koyama na baba yako, bado yupo gatini."

Haikubaki hata moja. Nilikaa.

Wateja wengi walisema Kisomali, na Kisomali changu kina lafudhi ya visiwani. Walikuwa wakinicheka, si kwa ubaya, lakini mimi ni mtu wa haya, nikazoea kunyamaza na kufanya kazi. Fundi Mkuu alipenda hivyo. Alisema duka lenye mtu mmoja wa maneno linatosha, na huyo mtu alikuwa yeye.

Kazi tuliyokuja kujulikana nayo ni kuhamisha leseni zilizokwisha kutumika. Niwaeleze. Kompyuta haifanyi kitu bila mfumo endeshi, yaani ule mfumo mkubwa unaoiamsha na kuendesha programu nyingine zote. Mfumo huo una mwenyewe, ni kampuni iliyoutengeneza, nawe unauziwa ruhusa ya kuutumia tu. Ruhusa hiyo ndiyo leseni. Huja na namba ndefu iliyochanganywa herufi. Ukishaiandika, kompyuta huwasiliana na kampuni ili itambuliwe, na huko sisi tulikuita kuamsha leseni. Leseni mpya ni ghali, ndiyo maana watu waliulizia iliyotumika.

Fundi Mkuu alinifundisha kwa lugha ya nyumbani kwetu. "Wewe baba yako anaunda vyombo vya bahari. Kuna leseni iliyo kama mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, na kuna leseni iliyo kama mashine. Ile inayokuja ndani ya kompyuta kutoka kiwandani, karatasi yake imebandikwa chini, hiyo ni mkuku. Chombo kikivunjwa, nayo imekwisha. Usiibandue ukaiuza, haiwi yako. Lakini ile inayouzwa peke yake kwenye boksi ni mashine. Unaweza kuifungua kwenye chombo hiki ukaifunga kwenye kile. Ila mashine moja haisukumi vyombo viwili."

"Na zile za ofisi kubwa?" niliuliza. "Zinazowekwa kwenye kompyuta nyingi?"

"Hizo za ofisi. Mfanyakazi akikuletea, mwambie duka limefungwa."

Nilipokwisha kuaminiwa alinituma kuhudumu kwenye zahanati ya akina mama, upande wa pili wa soko. Pale mkubwa wangu alikuwa Mkunga Mkuu, Bi Zuhura, mwanamke mrefu, sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Zahanati ilikuwa imeahidiwa friji la chanjo linalotumia jua. Sharti lilikuwa kwamba majina na habari za kina mama ziwekwe kwenye kompyuta yenye leseni yake halali. Zamani kompyuta za mifumo ya wizi zilikuwa zimeingiwa na virusi, na siri za wagonjwa zikatoka. Mkaguzi angekuja kuangalia. Akikuta kasoro, friji lingepelekwa mji mwingine, na kina mama wa hapo wangeendelea kwenda na watoto wao kwenye foleni ya hospitali kubwa, huku chanjo ikiisha kabla ya wengi kufikiwa.

Leseni ya zahanati tulinunua kwa Nahodha Athmani. Mzee huyu alikuwa ameacha bahari akataka kufungua ofisi ya mizigo, akanunua kompyuta na leseni ya boksi kutoka Mombasa. Ofisi haikufunguka. Kompyuta akamuuzia mwalimu mmoja wa kisiwa cha Chovai, na boksi akatuletea sisi.

Fundi Mkuu alimwuliza, "Kompyuta umeiuza na nini, Nahodha?"

"Chombo kitupu, bila mashine. Nimetamka mbele ya mashahidi wawili, na mwalimu mwenyewe amekubali."

Kwetu ndivyo chombo kinavyouzwa. Ukitamka mbele ya watu kwamba mashine haimo, haimo, hata kama bado imefungwa tezini, kule nyuma ya chombo. Hakuna atakayebisha. Fundi Mkuu ni mtu wa pwani, akaridhika. Mimi nami nikaridhika. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba kompyuta haikuwapo kwenye baraza ile kusikia mashahidi.

Wiki hiyo mtandao ulikuwa umekatika. Niliweka namba kwenye kompyuta ya zahanati nikasubiri. Mtandao ulirudi asubuhi ya siku ya mkaguzi. Nikabonyeza kuamsha, nikaona maneno mekundu: leseni hii inatumika kwenye kompyuta nyingine.

Fundi Mkuu alikuja mbio. Alisoma, akasoma tena. "Nahodha hakuitoa," alisema. "Ameitoa kwa mdomo tu."

Mtandao ukikataa, ilibaki njia ya simu. Unapiga namba ya kampuni, unasoma tarakimu nyingi zilizo kwenye kioo, fungu kwa fungu, na wao wakikubali wanakusomea tarakimu nyingine za kuandika. Kiingereza cha Fundi Mkuu kilikuwa cha kusoma maandishi tu. Mimi nilikuwa na kile cha darasa la saba. Nikapewa simu.

Wakati huo huo gari la mkaguzi lilisimama nje. Bi Zuhura alimpokea akampeleka chumba cha kuzalia, akamwonyesha kitanda kimoja kimoja, kila shuka, kila taa. Nilimsikia akieleza habari za ndoo.

Mama aliyepokea simu alikuwa mpole. Nilisoma tarakimu, sauti yangu ikitetemeka, na mara mbili aliniambia nisogeze simu karibu na mdomo. Kisha akauliza: "Mfumo huu umewekwa kwenye kompyuta ngapi?"

Bi Zuhura alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Nilipowatafsiria swali, alininong'oneza kwa ukali, "Sema moja! Mwanangu, sema moja, nani atakayejua?"

Nilimtazama Fundi Mkuu. Alikuwa anatazama simu.

Neno "moja" ni fupi, hata kwa Kiingereza. Lakini nilikuwa naiona ile kompyuta ya Chovai, kama niko mbele yake, imewaka, na mtu ameikalia.

"Mbili," nilisema.

"Basi siwezi kukusaidia," alisema yule mama. "Itoeni kwenye moja, kisha mpige tena." Akakata.

"Umeniua," alisema Bi Zuhura. "Umeniua mimi na watoto wa watu. Friji limekwenda hilo! Nimekaa mwaka mzima nikiliomba, na wewe na mdomo wako usiofunguka, leo ndiyo umefunguka!"

Fundi Mkuu akasema, "Bi Zuhura, mpe mkaguzi chai. Mpe na mahamri, mwulize habari za safari." Kisha akanigeukia. "Umemwambia mbili. Sasa kaifanye iwe moja."

Tulimwita Nahodha Athmani. Alifika kofia mkononi, amekasirika, akisema kwa lafudhi yetu ya visiwani, ambayo mtu huwa mchu. "Mimi mwongo? Niulizeni mchu yeyote! Nimeuza chombo kitupu!"

"Hakuna anayekuita mwongo, Nahodha," alisema Fundi Mkuu. "Mpigie mwalimu."

Mwalimu Mwanamize alikuwa akisomesha watoto wadogo Chovai. Nahodha aliweka simu mezani ili sote tusikie, na nyuma ya sauti ya mwalimu tulisikia watoto wakisoma kwa pamoja.

"Mwalimu, ile kompyuta nilikuuziaje?"

"Bila mashine, Nahodha. Ulisema na wachu wakasikia."

"Sasa mbona inakwenda?"

"Ndiyo nami nilishangaa. Nikasema, labda mzee amenionea huruma akaniachia."

"Sikukuachia! Nilidhani imetoka yenyewe!"

Hapo hata Bi Zuhura alikaribia kucheka. Lakini Fundi Mkuu aliinama juu ya simu akamweleza yote kwa adabu: friji, mkaguzi, na kwamba leseni haiwezi kukaa kwake na zahanati pamoja. Alimwambia pia kwamba kompyuta yake haitazimika, ila itakuwa haina ruhusa, na itamkumbusha kila mara.

Watoto tu walisikika. Kama angekata simu, tungefanya nini? Chovai ni mbali, na mkaguzi alikuwa na chai kikombe kimoja.

"Masomo yangu yote yamo humu," alisema mwalimu. "Yatapotea?"

Fundi Mkuu alinisukumia simu. "Jibu wewe."

"Hayatapotea, Mwalimu," nilisema.

"Wewe wa nani?"

"Mimi wa Koyama. Wa Bakari, muunda vyombo."

"Koyama! Nyinyi mnajua misumari, kompyuta mmejulia wapi?" Kisha akavuta pumzi. "Haya. Nilinunua bila mashine, na neno nililitoa mbele ya mashahidi. Niambie nifanye nini, upesi, betri ina alama nyekundu na leo jua halikutoka vizuri."

Nilimwelekeza afungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akichagua lifunguke kwa mamlaka ya mwenye kompyuta, maana bila hayo amri hukataliwa. Nikamsomea herufi. "S ya samaki. L ya limau. M ya mashua. G ya gati. R ya roda." Kisha nafasi, kisha mstari ulioinama. Aliandika mstari ulioinamia upande mwingine, kompyuta ikakataa. Nilimwambia arudie. Nilisikia kidole chake kikigonga, kimoja kimoja, kama mtu anayetembea gizani. "U ya uzi. P ya pweza. K ya kamba. Sasa bonyeza kitufe kikubwa cha kulia."

"Imeandika kitu."

"Nisomee."

Alinisomea polepole, herufi kwa herufi. Leseni imeondolewa. Nikamwambia aizime na kuiwasha tena, tuhakikishe. Kusubiri huko kulikuwa kugumu kuliko yote. Nje nilisikia mkaguzi akisema kwa Kisomali kwamba ameshiba, sasa angependa kuona kompyuta.

"Ya Allah!" alipiga kelele mwalimu. "Pamekuwa peusi! Nilikuwa nimeweka picha ya watoto wangu, wote wamekwenda!"

"Picha ipo, Mwalimu. Imo ndani, haionekani tu hapo mbele."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi wapeni kina mama haki yao," alisema, na betri yake au simu yake, moja ikazimika.

Nilipiga tena namba ya kampuni. Safari hii alipokea mwanamume, akitaka kila kitu upya. Nilisoma tarakimu zile zote. Mkaguzi aliingia na Bi Zuhura, akasimama nyuma ya kiti changu. Nilihisi pumzi yake shingoni.

"Mfumo huu umewekwa kwenye kompyuta ngapi?"

"Moja," nilisema, na sauti haikutetemeka.

Akanisomea, nikaandika. Maneno mekundu yakaondoka. Mkaguzi alitazama kioo muda mfupi tu, akaweka alama yake, akauliza kama mahamri yamebaki. Friji lilikuja baadaye juu ya lori, na Bi Zuhura alilipokea kwa vigelegele kama bibi harusi. Tangu siku ile alikuwa akinihifadhia sahani ya chakula.

Kuanzia hapo Fundi Mkuu alibadili utaratibu. Hatukununua tena leseni mpaka tuione kompyuta ya zamani kwa macho, na muuzaji aitoe kwa mkono wake mwenyewe mbele yetu. Mashahidi tuliendelea kuwaita. Alisema mashahidi ni kwa ajili ya watu, na ile amri ya dirisha jeusi ni kwa ajili ya mashine, na biashara yetu ina pande zote mbili.

Sasa duka limefungwa. Leseni za siku hizi hufungwa kwenye akaunti ya mtu, na anayeuza boksi simwoni tena. Fundi Mkuu alihamia Mombasa kwa binti yake. Mimi nipo Koyama, napasua mbao na baba. Mikono imekuwa migumu, lakini nikilala bado naota tarakimu.

Kitu kimoja kilinisumbua, nacho ni ile kompyuta ya Chovai. Mwalimu alitoa, hakupewa. Kabla duka halijafungwa niliomba ruhusa nikaenda na mfumo mwingine, ule usiouzwa, ambao waliouandika wameuachia watu wautumie bure. Nilimhifadhia masomo yake, nikauweka. Watoto walinizunguka wakinipumulia masikioni. Picha yao iliporudi mbele, kila mmoja alitafuta uso wake.

"Na huu una mwenyewe?" aliuliza mwalimu.

"Wametoa ruhusa kwa kila mtu. Hata ukiuweka kwenye kompyuta kumi, hakuna atakayekuuliza."

Alinitazama kama asiyeniamini. Kisha akatoka mlangoni akawaita wanaume wawili waliokuwa wakipita, akawasimamisha mbele ya kompyuta.

"Haya," alisema. "Sema tena, wasikie."

Nikasema tena, kwa sauti, pamoja na haya yangu yote.

Ninyi mliosoma mpaka hapa, kama mliwahi kuuza au kununua kitu cha namna hii kisichoshikika, niandikieni. Nielezeni kwenu mtu anahakikishaje kwamba muuzaji ameachia kweli. Msione aibu kwa mwandiko wenu, mmeshauona wangu. Nitajibu kila atakayeandika, ila mnipe muda.