Kungoja Mto Upwe

Kayaki za ufuoni Bamburi, zile za kukodishwa wageni, unakaa juu yake kama uliyekaa kwenye mkeka. Ukipinduka umepinduka, unacheka, unapanda tena. Ya mtoni unaingia ndani hadi kiunoni, kisha unafungwa kitambaa cha mpira kinachobana ukingo wa kile kitundu, maji yasiingie. Mjomba aliponifunga asubuhi ile nilihisi kama miguu yangu imechukuliwa na mtu. Nikataka kusema. Sikusema.

Mjomba ni mdogo wake mama, na kazi yake ni hizo kayaki za wageni. Likizo ya Aprili rafiki yake wa bara, aliyefanya naye kazi kabla hajarudi kwao, alimwita aende akaujaribu mto wa huko, unaopita ndani ya korongo lenye maporomoko. Mjomba akamwambia atakuja na mpwa wake, huyo amezaliwa majini. Mama akakubali. Mimi hakuna aliyeniuliza, na hata ningeulizwa ningeitika. Kwetu Mjambere mtoto akiitwa husema abee, na mimi hiyo abee imenikaa kooni mpaka imeziba njia ya maneno mengine. Hata shuleni, na sasa niko kidato cha tatu, mwalimu akiuliza kama nimeelewa mimi hutikisa kichwa tu.

Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na yalikuwa baridi sana. Rafiki yake mjomba alitangulia, mimi katikati, mjomba nyuma. Mwanzo ulikuwa mzuri, siwezi kudanganya. Halafu kuta za mawe zikaanza kukaribiana. Upande wa kulia palikuwa na kijia cha mbuzi kinachopanda hadi juu. Mwenyeji wetu akashika jiwe, akatungoja.

"Hapa ndio pa mwisho pa kutoka," akasema. "Mkipita hapa hamtoki mpaka kule darajani. Kuna poromoko moja ndogo, halafu ingine kubwa. Mko sawa?"

Mjomba akanigeukia. "Wasemaje, mwanangu?"

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Nikadhani ananipima.

"Sawa tu, mjomba."

"Haya," akasema polepole. "Twende."

Poromoko dogo lilinipindua. Nilikuwa kichwa chini, miguu imebanwa, mdomo umejaa mchanga, na kafi sijui limekwenda wapi. Nilipapasa mpaka nikaipata kamba ya kile kitambaa, nikavuta, nikatoka. Mjomba alinikokota, mimi na kayaki yangu, hadi kwenye mwamba bapa uliotokeza ukutani. Tulipotazama nyuma, tulikotoka hakupandiki. Mbele, baada ya kona, poromoko kubwa lilikuwa likinguruma. Juu yetu palibaki kipande cha mbingu chembamba kama leso iliyokunjwa. Mwenyeji akatuambia tusiondoke pale, akaenda akitambaa kando ya ukuta kuangalia pa kushukia.

"Tutulie," mjomba akasema. "Maji yana nguvu sasa. Tungoje yapwe kidogo."

Sikuona kosa lolote katika maneno hayo. Nimekulia mahali ambapo maji yakikuzuia, unakaa. Ukiukuta mkondo umejaa unatafuta kivuli, unazungumza na wenzio, na maji yenyewe yanakuondokea. Basi tukakaa pale kwa adabu, watu wawili wa pwani, tukiungojea mto.

Nilichagua ufa mmoja kwenye mwamba, karibu na miguu yangu, nijue maji yanavyoshuka. Baada ya kitambo ufa sikuuona tena. Nikachagua mwingine, wa juu zaidi. Nao ukaenda. Hapo nilijua, lakini yule ni mtu mzima, anaishi kwa maji, na mimi ningeanzaje kumfunza? Nikavuta miguu tu. Maji yakaifuata.

"Mjomba."

"Naam."

"Yanajaa."

"Yatarudi," akasema. Hakunitazama.

Mwenyeji alirudi na kamba begani, akatukuta tumekunja magoti. "Mnafanya nini hapo?"

"Twangoja yapwe," mjomba akamjibu.

Yule akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mzee, hii si bahari ya kwenu. Hii maji haiendangi ikirudi, inakuja tu. Imenyesha kule juu. Hiyo jiwe mmekalia haitakuwa hapo tukizubaa. Msichana aanze. Anapita katikati, anaruka, mimi nitakuwa chini kumdaka."

Akaigeuza kayaki yangu, akaishikilia majini niingie. Nilikitazama kile kitundu. Kilikuwa cheusi na kina maji kidogo ndani.

"La," nikasema.

Poromoko likalimeza neno. Ikabidi niliseme tena, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "La. Siingii humo. Naogopa. Nishushe kwa kamba."

"Kwa kamba ni polepole, na ukuta inateleza."

"Nishushe hivyo hivyo."

Akamtazama mjomba, nadhani alitarajia anigombeze. Mjomba alikuwa amesimama, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu.

"Na mimi pia," akasema.

"Hata wewe, mzee?"

"Hata mimi. Wallahi, tangu kule kwenye kijia nilikuwa natafuta pa kulisemea neno hilo."

Yule hakuuliza zaidi. Alifunga kamba kwenye jiwe, akazisukuma kayaki zetu zishuke tupu. Yangu ilifika ukingoni, ikasimama wima, ikazama. Ilikawia sana kutokea. Nilijua nilikuwa nikitazama nini.

Nilishuka nikiukumbatia ukuta, shavu kwenye ukoga, huku maji yakinipiga mgongoni. Mjomba alinifuata. Mwenyeji akashuka mwisho, akaenda kuzitafuta kayaki, na mjomba akakaa kando yangu kwenye kokoto. Kuta zilikuwa bado pande zote mbili, na daraja halikuonekana. Niliona hasira. Nilikuwa nimefikiria alivyonitazama kule kwenye kijia, na sasa nilijua alikuwa akiniomba mimi nikatae, apate kukubali.

"Ungesema mapema, mwanangu," akasema.

"Na wewe, mjomba."

Akainamisha kichwa, akakamua maji kwenye shati lake.