Unga wa Shemeji na Mashavu ya Mdogo Wangu

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini mjinga namjua kabla hajafungua mdomo. Huyu hapa ni shemeji yake mdogo wangu, kaka wa marehemu mume wake. Kazi yake kununua dhahabu kwa wachimbaji kule Makongolosi, basi anadhani kila kitu duniani anakijua kwa kukitazama tu. Akija kwangu hapa Uyole anaingia na simu mbili, zote anaongea yeye. Na kukaa hakai mpaka umsogezee kiti chenye mto. Mwe!

Mdogo wangu nilimtoa Iringa, alikoolewa, nikamleta kwangu awe karibu na hospitali. Ana saratani ya mapafu. Na tangu zamani anakunywa vidonge vya virusi, hakosi hata siku. Hilo ukweni kwake hawalijui, na halikuwa la kwao kulijua.

Hospitali wakamwanzishia dripu mpya. Daktari ni msichana, umri wa wajukuu zangu, akatueleza taratibu. "Bibi, hii dripu haiui saratani yenyewe. Inaamsha askari wa mwili, wao ndio waipige. Sasa askari wa mgonjwa wetu virusi vilishawapunguza. Asiweke kitu kingine mdomoni bila kuniuliza, hata dawa ya mafua."

Nikamwambia, "Sawa mwanangu, tumesikia."

Tumesikia, ndiyo. Lakini shemeji akaja na kopo. Unga wa kahawia, kaununua kwa yule mtu anayetangaza dawa kwa spika pale malori yanapolala. Unga wake huohuo mmoja unatibu presha, unatibu nguvu za kiume, unatibu na mtoto anayekojoa kitandani. Na mtu mzima mwenye mvi kanunua!

Ukoo ule una mambo yao. Mgonjwa akiletewa dawa na mtu wa ukweni anainywa mbele yake, kikombe anakirudisha kitupu kwa mikono miwili. Ukikataa, ni kama umewaita wachawi. Basi mdogo wangu akanywa. Na bwana yule akirudi Makongolosi anapiga simu ya video, eti aonyeshwe kikombe. Anakaa kule vumbini anachungulia kikombe cha mjane! Nilitamani nimwonyeshe kitu kingine.

Mara mgonjwa akaanza kula. Ugali anamaliza, anaomba mwingine, anafuta na sufuria. Mashavu yakajaa, uso ukawa wa duara kama chapati. Majirani wakaja kumsalimia na kushangilia. "Kamwene mama! Umenawiri jamani!" Shemeji ndio akapanda kichwa kabisa. "Mnaona? Hospitali wamemtoboa mikono yote, wapi! Mimi kopo moja tu."

Mimi yale mashavu sikuyapenda. Mtu ananenepaje uso, miguu imebaki fito? Lakini nani amsikilize bibi kizee, wakati mwenye simu mbili ameshasema.

Siku ya dripu daktari akamtazama uso, akambonyeza shavu, akapima na sukari. Sukari iko juu. Akauliza, "Mama, unatumia nini kingine?" Mimi nikafungua kitenge, nikatoa kopo, nikaliweka mezani. Nilikuja nalo makusudi.

Daktari akanusa, akatingisha kichwa. "Unga wa hivi tunaletewa sana. Ndani wanasagia vidonge vya steroidi. Uso huu nimeshauona kwa wengi. Vinavimbisha, vinaleta njaa, watu wanadhani ni afya. Na vinawalaza askari. Sisi tunaamsha, nyumbani mnalaza. Tena vingine vinavuruga hata vidonge vyake vya kila siku."

Nikasimama nikaumwage chooni, daktari akanizuia. "Kaa, bibi. Akiacha ghafla anaweza kuanguka, mwili umeshavizoea. Nitampa vidonge vyenyewe kwa kipimo, tupunguze pole pole. Ila dripu ya leo sitoi."

Hapo mdogo wangu akalia. Dripu ndio tumaini lake lote, akarudishwa nyumbani mkavu kwa ajili ya mtu anayepima dawa kwa mashavu!

Haukupita muda, bwana huyo na kopo jipya. Kubwa zaidi. Akakoroga mwenyewe, kijiko kinalia kwenye kikombe.

"Shemeji, daktari amekataza," mdogo wangu akamwambia.

"Daktari gani? Kale katoto? Kanajua nini? Kunywa."

"Amesema hiyo ndiyo imenivimbisha."

"Kwa hiyo unataka kukonda? Watu waseme hatukulishi? Shemeji mkubwa, hebu mwambie mdogo wako."

Nikamjibu, "Ana mdomo wake."

Mdogo wangu akachukua kikombe, kwa mikono miwili vilevile, nikasema basi, kwisha. Akamsogezea yeye. "Anza wewe, shemeji."

"Mimi siumwi!"

"Basi na mimi sinywi."

Tangu aolewe sijawahi kumsikia akimkatalia mtu wa ukoo ule. Bwana akavimba, bila hata unga. "Haya. Ukifa usituite."

"Nikifa nitawaitaje?"

Nilicheka mpaka kanga ikafunguka. Akabeba kopo lake kwapani, akasahau hata kuaga. Sukari tu ya chai yangu alikumbuka kuimaliza.

Vile vidonge vya daktari vikapunguzwa mpaka vikaisha. Mashavu yakashuka. Majirani walewale sasa wananong'ona eti anakwisha. Wangejua! Juzi daktari ameridhika, dripu imerudi, na mimi nilikaa pembeni nikaitazama inavyodondoka mpaka tone la mwisho. Askari wameamka au hawajaamka, tutaambiwa kwenye picha ya kifua. Naogopa, sisemi siogopi.

Jana shemeji kapiga simu, hata salamu hakuna. "Vipi, bado mnene?"

"Amekonda vizuri sana," nikamwambia, nikakata.